Kicheko Kina Mwenyewe

Raihana, fundi wa cherehani wa mtaa wa Buyenzi, hakuwa mtu wa kuchekacheka ovyo, ingawa mji mzima ulidhani hivyo. Kwa kuwa kicheko chake kikitoka kilisikika mitaa mitatu, wengi waliamini anacheka kutwa. Kumbe angeweza kumaliza wiki nzima akishona kimya, pini mdomoni, macho kwenye mshono. Lakini likimfika la kumfika, hakuwa na breki. Kwanza alinyamaza kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Halafu sauti ilipanda ngazi tatu, ikasimama kidogo huko juu kama inautazama mji, kisha ikaporomoka yote kwa pamoja kama gunia la maharage lililopasuka. Mwisho alivuta pumzi na kusema "wee," kwa upole, kana kwamba anaomba radhi.

Mwaka huo wa tisini na saba milima ya juu ya Bujumbura ilikuwa ikinguruma siku moja na kunyamaza mbili. Petroli iliuzwa kwa chupa kwa sababu ya vikwazo, na jioni kila mtu alipaswa kuwa ndani kabla ya saa ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku, ambayo ukikutwa nje huna la kueleza. Wenye maduka wa mtaa ule walikuwa na kipimo chao cha usalama. Asubuhi walisimama nyuma ya milango iliyofunguliwa nusu, wakatega sikio. Wakisikia Raihana, waliyemwita Mama Khaled, amecheka, waliifungua yote. Asipocheka, walisubiri risasi ziseme au zinyamaze.

Kicheko hicho ndicho kilichompeleka kwenye televisheni.

Gereji ya shemeji yake Chabani, mdogo wa marehemu mumewe, ilipakana na baraza lake la cherehani. Siku moja Chabani aliinua kichwa juu ya ukuta na kumsimulia kwa sauti ya chini habari za mteja mmoja mwenye suti, aliyesukuma gari lake kutoka Kinindo mpaka Buyenzi, yeye na walinzi wawili, jasho likiwatiririka, akidhani injini imekufa. Chabani alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akakifunga.

"Halina petroli," alisema. "Injini nzima kabisa. Na bado amenambia niiangalie vizuri."

Raihana akanyamaza. Kisha ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Njiwa wa paa la jirani waliruka.

Upande wa pili wa ukuta mteja mwenyewe, Salvator, alikuwa amesimama na kitambaa cha jasho mkononi.

"Ni nani huyo?" akauliza.

"Shemeji yangu, musyo," Chabani alijibu kwa heshima.

"Anacheka nini?"

"Sijui," alisema Chabani, akainamia injini iliyokuwa nzima.

Salvator hakukasirika. Alisikiliza mpaka "wee" ya mwisho, kama mtu anayesikiliza bomba la maji lililokauka miezi mitatu likianza kutoa. Yeye alikuwa mtayarishaji wa vichekesho vya televisheni, na katika mji huo hapakuwa na mtu aliyekuwa na shida ya kicheko kumzidi.

Kipindi chake kiliitwa *Kwa Baba Kitumbo*, na kilionyeshwa Jumapili saa kumi na moja za jioni. Baba Kitumbo mwenyewe aliigizwa na Gaspard, mzee mwembamba kama mpini wa jembe, ambaye kwa miaka kumi na tatu alikuwa akifunga mto tumboni. Dakika ya tatu alianguka kutoka kwenye kiti. Dakika ya tano alipatwa na kigugumizi. Dakika ya kumi mkewe alimfukuza kwa mwiko. Mwishoni alivua kofia, akaikazia macho kamera na kuwaambia watazamaji wamejifunza nini. Watu waliyajua yote hayo kabla hayajatokea, kama mtu anavyoijua njia ya sokoni, na walipenda hivyohivyo.

Zamani kipindi kilirekodiwa ukumbini, mbele ya watu mia tatu. Vita vilipoingia mjini watu waliogopa mikusanyiko, ukumbi ukafungwa, na Gaspard akaachiwa chumba chenye kamera mbili na feni. "Kuichekesha kamera ni sawa na kulitekenya jiwe," alilalamika. Alianza kuanguka kabla ya wakati wake, dakika ya pili, dakika ya kwanza, kwa tamaa ya kusikia angalau mtu mmoja. Salvator alikuwa amesomea Ubeljiji, na huko alijifunza kwamba vicheko vinaweza kuwekwa kwenye kaseti na kubandikwa mahali panapotakiwa. Alijaribu kuwarekodi makarani wa jengo lao. Walicheka kama watu wanaosubiri kupandishwa cheo.

Kwa hiyo akamwomba Raihana aje Jumamosi.

"Kuja kufanya nini?" Raihana aliuliza.

"Kucheka tu, mama."

"Kumcheka nani?"

"Baba Kitumbo."

"Na kama hachekeshi?"

Salvator alitabasamu kwa adabu. Hilo hakuwahi kuulizwa.

Jumamosi Raihana alivaa kitenge chake cha Idi, akaketi studio pamoja na makarani kumi na mmoja. Gaspard alianguka. Makarani wakacheka. Raihana alifunga kanga yake vizuri, akatazama. Gaspard akapatwa na kigugumizi, akafukuzwa na mwiko, akaanguka tena. Dakika arobaini zilipita. Nyuma ya kamera Salvator alikuwa akipunga mikono juu, ishara ya kwamba sasa watu wacheke, mpaka akaonekana kama mtu anayefukuza nzi. Mwishowe akasimamisha kazi.

"Mama Khaled, kuna tatizo?"

"Apana. Mi naona mutu anaanguka. Kwetu mutu akianguka tunamwinua."

Wakapewa mapumziko ya chai. Gaspard, mto ungali tumboni, alijitupa kwenye kiti cha jukwaani na kikombe chake, uso umemshuka. Hapo ndipo mlangoni alipoingia mtunza stoo, karatasi mkononi.

"Muzee, kiti hiki kimetoka ofisi ya mkurugenzi. Lazima nione namba yake. Simama kidogo."

"Nikisimama utakichukua."

"Sitakichukua. Nitaangalia namba tu."

"Jana ulisema hivyohivyo kuhusu meza. Iko wapi meza?"

"Meza ilikuwa na namba ya ofisi nyingine."

"Unaona?"

"Basi kaa, ila inua upande mmoja."

Gaspard aliinua upande mmoja. Mto ukamzuia. Mtunza stoo akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kiti kwa heshima zote, akasema kwamba namba iko upande wa pili. Gaspard akahamisha uzito. Mtunza stoo naye akahamia huko, lakini kivuli cha tumbo kikaziba namba. Akaomba tochi. Gaspard, ambaye hakuwa mkorofi, akamshikia karatasi kwa mkono usio na kikombe, mtunza stoo akashika tochi, mkono mwingine sakafuni, na sasa hakuna kati yao aliyekuwa na mkono wa kushikia kiti.

Raihana alinyamaza. Makarani waligeuka kumtazama, wakidhani amepatwa na ugonjwa. Kisha ikatoka, ngazi baada ya ngazi, ikajaza studio, ikatikisa vioo vya chumba cha sauti. Alicheka mpaka akaegemea bega la karani asiyemjua. Kila alipokaribia kufika "wee," mtunza stoo alisema neno jingine, na safari ikaanza upya.

Fundi wa sauti, Libère, mtu mtaratibu asiyezima mashine wakati wa chai kwa sababu kuiwasha upya kulimpa kazi, alirekodi yote. Jioni ile alikata mkanda vipande kumi na kimoja na kuviandika namba. Kulikuwa na kicheko kidogo, cha kati, cha kupasuka, na kimoja kirefu ambacho Salvator alikiita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kito.

Kabla Raihana hajaondoka, Gaspard alimfuata mlangoni, mto kwapani.

"Mama, niambie ukweli. Ulicheka nini pale?"

Raihana alifikiri kama anavyofikiri kabla ya kukata kitambaa cha mtu. "Yule wa stoo alikuwa na haki," alisema. "Na we ulikuwa na haki. Na kiti kilikuwa kimoja."

"Basi?"

"Basi. Na ile ya mwisho, unavua kofia unatuambia tumejifunza nini. Iko kama shule. Kama nimecheka nimejifunza tayari. Kama sikucheka, hata ukivua kofia mbili."

Gaspard alikwenda na maneno hayo nyumbani, akakaa nayo wiki nzima. Kipindi kilichofuata kilikuwa na majirani wawili waliozuiliana kwenye foleni ya petroli, kila mmoja ameshika mshikio wa dumu moja, wakitakiana heri na kuulizana hali za watoto bila kuachia. Mto ulibaki, kwa kuwa Salvator aliushikilia. Lakini hakuanguka hata mara moja. Na chini yake, mahali panapofaa, Libère alibandika kipande namba nne, kisha namba saba.

Jumapili hiyo uani kwa Chabani watu walisahau hata kukemeana kuhusu nafasi. Chabani alikuwa na televisheni iliyowashwa kwa betri ya gari umeme ukikatika, na nusu ya mtaa ilikuwa ikija kwake. Kicheko kilipotoka kwenye boksi, vichwa vyote viligeuka kumtazama Raihana, aliyekuwa ameketi mkekani mdomo ameufumba.

"Si wewe huyo?" aliuliza Zubeda, muuza vitumbua, jirani yake wa mlango wa pili.

"Ni mi."

"Na hapa unanyamaza?"

"Nilishacheka Jumamosi."

Basi akawa mtu maarufu. Sokoni wauza nyanya walimtania wasikie ngazi ya kwanza. Mzee mmoja wa msikitini alimwambia Chabani kwamba shemeji yake anasikika mpaka Ngagara, na haikueleweka kama ni sifa au shutuma. Raihana mwenyewe alifurahi kwa kiasi. Kilichompendeza zaidi ni kwamba siku za risasi, watu waliokuwa wamejifungia ndani walisema walisikia kicheko chake kwenye televisheni ya jirani, wakapata hamu ya kula.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Mwezi wa nne Raihana akaenda Ruziba kumwoza Asiya, binti wa dada yake, akakaa huko wiki mbili, maana harusi ilihitaji magauni na magauni yalihitaji yeye. Aliporudi alimkuta Consolate barazani.

Consolate alikuwa mkulima wa mpunga wa Buterere na mteja wake wa miaka kumi na miwili, ingawa neno mteja halikutosha. Mwaka wa tisini na tano, mambo yalipoharibika upande wa kaskazini, yeye na watoto wake wawili walilala siku tisa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na tangu hapo kila mavuno Raihana aliletewa mchele wa kwanza. Siku hiyo hakuleta mchele. Hakukaa hata kwenye kigoda chake.

"Nimefuata kitambaa changu," alisema.

"Gauni halijaisha, dada. Nilikuwa Ruziba, si nilikwambia?"

"Nipe hivyohivyo."

"Halina mikono."

"Nitavaa bila mikono."

Raihana alidhani kuna msiba. Aliuliza habari za watoto, habari za Valéry mumewe, habari za mashamba. Consolate alijibu kila kitu "ni vizuri," akalikunja gauni lisilo na mikono, akaliweka kwenye kikapu na kushika njia. Kule mbele alisimama, akageuka kidogo.

"Mi sikujua unaweza nicheka," alisema. Akaenda.

Raihana alibaki ameshika mkasi. Siku tatu alitafuta alichokosea asikipate. Jumatano televisheni ilirudia kipindi cha Jumapili iliyopita, kile alichokikosa akiwa harusini, naye akaenda uani kwa Chabani kupoza mawazo.

Kwenye boksi palikuwa na beseni kubwa la maji na karatasi iliyoandikwa BUTERERE, ambako mvua za mwezi huo zilikuwa zimeingiza maji majumbani. Akatokea Gaspard amevaa kitenge na kilemba, mto safari hii umefungwa nyuma, godoro kichwani. Alitembea kwenye beseni akipiga mayowe kwa Kiswahili kilichovunjwa kwa makusudi, akateleza, akakaa majini, akainuka, akateleza tena. Mama wa Buterere alikuwa mjinga aliyejenga kwenye maji na sasa anashangaa kulowa. Na kila alipoteleza kilitoka kicheko. Namba mbili. Namba tisa. Kisha, mama yule alipouliza kwa kulia watoto wake watalala wapi, kikatoka kile kirefu, kito.

Raihana alivijua vicheko vyake kama anavyojua mishono yake mwenyewe. Hicho kilikuwa cha mtunza stoo na tochi. Walikiondoa chini ya kiti wakakiweka juu ya maji ya Consolate.

Uani wengine walikuwa wakicheka. Zubeda alimtazama akaacha.

Kesho yake, kabla ya saa tatu, alikuwa mlangoni kwa Salvator studioni, na hakuwa amevaa kitenge cha Idi. Gaspard na Libère walikuwa humo ndani. Salvator alimkaribisha kiti. Hakukikalia.

"Nataka kicheko changu," alisema.

"Kipi, mama?"

"Vyote kumi na kimoja."

Salvator alipoelewa alijaribu kumtuliza kama mtu msomi anavyomtuliza mama wa mtaani, taratibu, akitumia mikono. "Mama Khaled, hii iko kawaida kabisa. Ulaya, Amerika, kila mahali wanafanya hivi. Vicheko viko kwenye mashine. Wengine waliocheka wamekufa zamani, na bado wanacheka. Mutu anasikia wengine wanacheka, na yeye anacheka. Hakuna anayejua ni nani."

"Huko ni mbali. Hapa wanajua. Mji huu ni mudogo, musyo, kicheko kina mwenyewe. Consolate hakuona jina langu pale, alisikia mdomo wangu."

"Lakini ni kichekesho tu."

"Kama ni kichekesho, mbona hukucheka wewe mwenyewe, ukaazima changu?"

Kwa kweli Salvator hakuwa amecheka. Libère alianza kukagua nyaya zisizokuwa na tatizo.

Aliyesema ni Gaspard. "Mi nilijua," alisema bila kuinua macho. "Nilipokuwa na lile godoro kichwani, studio ilikuwa kimya. Kimya kiko cha aina mbili. Kipo cha watu wanaosubiri, na kipo cha watu wanaoona haya. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tatu, najua kimoja na kingine. Nikaendelea."

"Basi twende Buterere," Raihana alisema.

"Kufanya nini?" Salvator akauliza.

"Huyu aende aombe radhi. Na mi niombe yangu. Wewe ukitaka, baki."

Salvator alibaki, kwa sababu ya petroli, alisema. Libère, bila kuulizwa, alichomoa kaseti, akaifunga kwenye gazeti na kumpa Raihana mkononi. Raihana na Gaspard wakakodi baiskeli mbili za abiria na kuondoka.

Njiani likatokea jambo ambalo Gaspard hakulitarajia. Yeye, uso uliojulikana kuliko wa mawaziri, alipita kaskazini yote ya mji bila mtu kumsalimu. Bila mto alikuwa mzee mwembamba nyuma ya baiskeli. Na walipofika uani kwa Consolate, kati ya matuta ya mpunga, Raihana akasema huyu ndiye Baba Kitumbo amekuja kuomba radhi, Consolate alimkagua juu mpaka chini.

"Apana," alisema. "Baba Kitumbo ni munene."

"Ni mto, mama," Gaspard alisema.

"Mto gani?"

"Wa kulalia. Naufunga tumboni."

Consolate alimgeukia Raihana. "Umeniletea mutu wa barabarani ili nikusamehe?"

Ilibidi Gaspard apatwe na kigugumizi chake cha dakika ya tano, pale pale, mbele ya kuku na watoto, ndipo Consolate akaamini. Aliwapa vigoda. Raihana akaomba radhi kwa maneno machache, akieleza habari za kiti, za mtunza stoo na za mkanda uliokatwa. Gaspard naye akaomba. Consolate alisikiliza akipepeta mchele, uso haujafunguka.

"Lile godoro," alisema baadaye. "Nani aliwaambia habari za godoro?"

"Musyo Salvator alikuona kwenye picha ya habari," Gaspard alisema. "Siku ya mafuriko."

"Alionyeshwa picha. Hakuniuliza nalipeleka wapi." Akaweka ungo chini. "Maji yaliingia mchana. Valéry wangu akapanda juu ya meza akaanza kutoa amri. Toa sufuria, inua kitanda, shika kuku. Yeye juu, mi chini. Kuku alikuwa ametulia kuliko yeye. Siku ya tatu akaja mutu wa ofisi, na viatu vya kung'aa na fomu. Akaniuliza, maji yaliingia saa ngapi? Nikamwambia, sikuyauliza. Akauliza, ulikuwepo? Nikamwambia, nilikuwa ndani yake. Akaandika."

Gaspard alikuwa ameacha kupepesa macho.

"Akasema lazima nisaini. Hakuna mahali pakavu. Nikainama, akaweka fomu mgongoni kwangu, akaandika. Kumbe inataka shahidi. Valéry akasema yeye shahidi. Yule akasema, fomu inasema shahidi awe amesimama kwenye sakafu ya nyumba. Valéry akamwambia, nionyeshe sakafu nisimame. Basi wakabishana, mumoja juu ya meza, mumoja ndani ya maji, na wote wanaitana mheshimiwa. Halafu yule akasema atapima kiwanja. Akahesabu hatua, moja, mbili, tatu. Ya nne ilikuwa mtaro. Akazama mpaka kofia. Kilichobaki juu ni mkono na fomu. Fomu haikulowa hata kona."

Consolate aliuokota ungo wake tena.

"Godoro linaelea," alisema. "Ndipo nikaliweka kichwani. Nilikuwa nalipeleka kumuokoa mutu wa serikali."

Gaspard aliinamia magoti yake. Mabega yalimtikisika, ikatoka sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mtu aliyeishi kwa kuchekesha hakuwa na kicheko cha maana, kilikuwa hicho tu. Raihana yeye alikuwa ameuma pindo la kanga. Machozi yalimtoka, lakini hakuthubutu kucheka.

Consolate alimgeukia.

"Sasa cheka," alimwambia. "Hiki nimekupa mwenyewe."

Watu wa mashamba ya mbali waliacha kazi wakasimama wima kati ya mpunga. Hakukuwa na mashine ya kurekodi, na yeyote aliyekuwapo atakwambia kilikuwa kirefu kuliko vyote kumi na kimoja. Gauni lilirudi Buyenzi siku hiyo hiyo, nyuma ya baiskeli, kutiwa mikono.

Gaspard alitaka kisa hicho kiigizwe kama Consolate alivyokisimulia; Salvator alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu, maana Gaspard alimwambia kwamba ama afanye kipindi hicho au amtafute mwingine wa kufunga mto. Mama wa Buterere sasa aliigizwa na mwanamke, Caritas, yule aliyekuwa mke wa Baba Kitumbo kwa miaka yote hiyo, na mwiko ukawekwa stoo kwa namba. Gaspard akawa mtu wa ofisi, mwembamba kama alivyozaliwa, fomu mkononi. Hakuna aliyevua kofia kutoa funzo. Na kwa kuwa kaseti ilikuwa Buyenzi ndani ya droo ya nyuzi, hapakuwa na kicheko cha kubandika.

"Watu hawatajua wapi pa kucheka," Salvator alimlalamikia Raihana kwa simu ya Chabani.

"Wakikosa pa kucheka, musyo, kosa ni lenu."

Jumapili hiyo uani palijaa. Consolate alikuja mapema na mchele, akapanga kulala kwa Raihana kwa sababu ya kuvrefe. Kipindi kilianza. Caritas aliinua sufuria, mume juu ya meza akatoa amri ya kwanza, na kukawa kimya. Watu walitazamana. Chabani alisimama akalipiga boksi kofi ubavuni.

"Sauti ya watu imekwenda," alisema.

"Labda iko ya huzuni," Zubeda alisema.

Ndipo mzee mmoja, nyuma kabisa, akakohoa kicheko kidogo.

"Unacheka nini?" akaulizwa.

"Huyo juu ya meza. Ni kaka yangu kabisa."

Wale wenye kaka wa aina hiyo walianza. Wanawake wakacheka walipofika kwa kuku aliyetulia kuliko mume. Mafundi wa gereji hawakuona chochote mpaka kwenye fomu iliyowekwa mgongoni, hapo wakapigana viganja. Kila mtu alicheka mahali pake, wengine wakiwanyamazisha wenzao ili wasikie, wengine wakiuliza amesemaje, amesemaje. Consolate alitazama mpaka mwisho kwa utulivu, kama mtu anayehakiki ushahidi wake mahakamani. Mkono na fomu kavu vilipobaki juu ya maji, aliitikia kwa kichwa mara moja.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema.

Si wote waliofurahi. Zilikuja barua zikitaka mto urudi, na nyingine zikiuliza kama Mama Khaled amefariki. Lakini barua zilizompa Salvator homa zilikuwa tatu, kutoka kwa maofisa watatu wa idara mbalimbali. Kila mmoja alilalamika kwamba yeye ndiye mtu wa ofisi aliyedhihakiwa, na mmoja wao hakuwahi kufika Buterere maishani mwake. Mkuu wa Salvator alimwita, akazisoma zote tatu mezani, akatafakari.

"Aliyezama ni mmoja," alisema. "Siwezi kukuadhibu kwa watatu. Wakubaliane kwanza ni nani kati yao, ndipo niite kikao."

Maofisa wakaandikiwa hivyo. Wakajibu, kila mmoja kwa barua ndefu zaidi ya ile ya kwanza, na wa tatu akaambatanisha picha ya viatu vyake. Kikao hakikuitwa mwezi huo wala uliofuata. Gaspard alisomewa barua hizo na Salvator kwa siri, akaomba nakala, akaenda nazo asubuhi moja barazani Buyenzi kumsomea Raihana akipiga mishono. Asubuhi hiyo milango yote ya maduka ya mtaa, iliyokuwa imefunguliwa nusu, ilifunguliwa yote kabla ya saa mbili.